SHULE HAIKUMZAA MTOTO

Mwezi huu twataka kusema neno ambalo halitawapendeza wote, wala hatuliandiki ili lipendeze. Twaliandika kwa kuwa twaliona kila siku katika vijiji vyetu vya Ugogo, toka Kilimatinde hata Mpwapwa, na kwa kuwa kulinyamazia ni kuwadhulumu watoto. Neno lenyewe ndilo hili: wazazi wengi humtoa mtoto mikononi mwao siku ile waliyomwandikisha darasa la kwanza, na tangu siku hiyo hawamfundishi tena jambo lo lote. Humpeleka shuleni kama mtu apelekavyo uwele mashineni. Humwaga kikapu, huketi kivulini, hungoja unga. Unga usipotoka mwema, humlaumu mwenye mashine.

Sisi tulio walimu twasema wazi: mtoto si uwele, wala shule si mashine. Shule haikumzaa mtoto. Shule hupewa mtoto kwa saa chache, ikamrudisha nyumbani kwao. Na kama nyumbani hakuna afundishaye, basi kile kidogo alichokipata asubuhi humwagika njiani kabla ya jua kutua.

Hebu tuhesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka wa shule katika nchi yetu una siku 194 za masomo. Mwaka wa Mungu una siku 365. Siku 171 zilizobaki mtoto yuko kwenu. Tena katika zile siku 194, tuseme mtoto mdogo hufundishwa saa tano kwa siku: jumla ni saa 970. Lakini kama yuko macho saa 14 kila siku, basi katika mwaka mzima yuko macho saa 5,110. Gawanya, nawe utaona kwamba katika kila saa tano za maisha yake, shule hupata saa moja tu, na ninyi mwapata nne. Je, ni haki kwamba mwenye saa moja aulizwe yote, na mwenye saa nne asiulizwe kitu?

Hesabu tena. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Tuseme darasa lina watoto 60, na wasomaji wetu wajua kwamba katika vijiji vyetu hilo si darasa kubwa sana. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, kila mmoja atapata nusu dakika. Katika nusu dakika mtoto anayeanza kusoma hata hajamaliza kusema "ba, be, bi, bo, bu". Mwalimu awe hodari namna gani, hawezi kuigeuza nusu dakika iwe nusu saa. Lakini mama aliye na watoto watatu aweza kumpa kila mmoja dakika kumi jioni moja, naye atakuwa amempa muda wa vipindi ishirini vya shule.

Matunda ya uvivu huu yalikwisha kuonekana. Mwaka 2010 watu wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya nyingi za Tanzania, wakawapa watoto hadithi fupi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili. Katika watoto wa darasa la tatu, ni kama theluthi moja tu walioweza kuisoma. Yaani watatu wakisimama mbele yako, wawili hawawezi. Serikali ilisikia aibu hiyo, ikafanya kazi. Mwaka 2015 mafundisho ya darasa la kwanza na la pili yaligeuzwa, yakakazwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilifanya vema. Lakini twauliza: watoto wale walikutwa wapi walipopimwa? Walikutwa nyumbani kwao. Baba zao na mama zao walikuwapo, wakawaona wakigugumia, na wengi walishangaa kama watu walioletewa habari ya mtoto wa kijiji kingine. Mtoto alikaa miaka mitatu katika nyumba ile, akila ugali ule ule, wala hakuna mtu aliyempa karatasi akamwambia, "Nisomee."

Tangu Januari mwaka 2016, ada na michango ya lazima ilipoondolewa, ugonjwa huu umezidi. Twasikia wazazi wakisema, "Elimu ni bure, sisi yetu tumemaliza." Ndugu, kilichoondolewa ni ada. Wajibu haukuondolewa, wala hakuna waraka wa serikali uwezao kuuondoa, maana haukuwekwa na serikali.

Ni nani aliyeuweka? Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya sita. Musa, alipowapa Israeli amri za Mungu, hakusema wajenge kwanza shule. Aliwaambia wazazi wawafundishe watoto wao kwa bidii, wakiwa wameketi nyumbani na wakiwa safarini, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Nyakati hizo nne hazimo katika ratiba ya shule yo yote. Zote ni nyakati za mzazi. Tazameni pia Timotheo. Mtume Paulo alipoikumbuka imani yake, hakumtaja mwalimu wa sinagogi. Alimtaja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Na Bwana wetu mwenyewe, kabla ya kuwashangaza waalimu hekaluni akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa amelelewa katika nyumba ya seremala.

Wala msidhani kwamba hii ni sheria ya Wayahudi tu. Babu zetu katika tembe zao waliijua. Mvulana wa Kigogo alijua kuhesabu ng'ombe kabla ya kujua namba zilivyoandikwa: aliwatambua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na mmoja akikosekana jioni alimtaja ni yupi. Msichana alijua mbegu ya uwele wa mapema na mbegu ya mtama wa baadaye, na majani ya mlenda yafaayo kukaushwa kwa ajili ya kiangazi. Wazee walisimulia njaa ya Mtunya ya miaka 1917 hadi 1920, si kwa kuwatisha watoto, bali wapate kujua kwa nini ghala haifunguliwi ovyo. Hiyo ilikuwa shule, ingawa haikuwa na kengele.

Na misheni ilipoingia, haikuanza kwa majumba makubwa. CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, nusu karne nzima kabla ya Askofu Chambers kuwekwa wakfu mwaka 1927 kuwa askofu wa kwanza wa Central Tanganyika. Katika miaka hiyo, masomo yalikaa chini ya mti, na barazani, na katika nyumba za waaminio. Kusoma na kuamini vilikwenda pamoja, hata huko Uganda Wakristo wa kwanza waliitwa "wasomaji". Agano Jipya la Kigogo lilikwisha kuchapwa kabla ya mwaka 1900. Lilichapwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya nyumba? Aliyejifunza herufi mchana alimfundisha mkewe jioni, na mkewe akamfundisha jirani. Sisi tulio wajukuu wa watu wale tuna vitabu vingi kuliko wao, na taa za jua, na simu mkononi. Lakini nyumba zetu nyingi zimekuwa bubu.

Basi yako makosa mawili tunayoyapinga, nayo yasimama pande mbili za njia kama mashimo mawili.

Kosa la kwanza tumekwisha kulisema: ni la mzazi aiachiaye shule yote. Ndani yake kuna tawi lake, nalo ni la mzazi mwenye fedha kidogo ambaye, akiona mtoto hajui kusoma, hutafuta twisheni. Hulipa ili mtoto aongezewe saa nyingine mbele ya ubao, katikati ya watoto wengine arobaini, akakariri yale yale aliyoyakariri asubuhi. Huyo ameongeza mzigo wa mtoto akidhani ameongeza akili yake. Fedha ile ingenunua kitabu kimoja cha hadithi na daftari la nyumbani, na dakika ishirini za baba zingefanya iliyobaki.

Kosa la pili ni baya zaidi, maana lajivika nguo njema. Ni la mzazi asemaye, "Mtoto wangu anajifunza nyumbani," naye maana yake ni kwamba mvulana yuko nyuma ya ng'ombe tangu Machi hata Juni, au binti amepelekwa mjini kutumika katika nyumba ya watu, au anawekwa jikoni angojee mchumba. Tumesikia maneno hayo mara nyingi kutoka vinywani mwa watu waliobatizwa. Husema, "Nyanya yake hakusoma, naye alilea watoto tisa." Twawajibu: nyanya yake alifundishwa yote ambayo nyakati zake zilihitaji, na walimu wake walikuwa nyumba nzima. Wewe humfundishi mtoto huyu lo lote, unamtumia. Mtoto anayechunga akiulizwa jioni ameona nini, ng'ombe wangapi, majani gani, huyo anafundishwa. Mtoto anayechunga na kurudi kula na kulala ni mtumwa mdogo katika nyumba ya baba yake.

Twajua kwamba ng'ambo mambo ni mengine. Katika Marekani wako wazazi wasiowapeleka watoto wao shuleni kabisa, huwafundisha wenyewe nyumbani. Na tangu mwaka 1993 jambo hilo lina ruhusa katika majimbo yote 50. Ujerumani, kinyume chake, sheria humtaka kila mtoto aende shule. Hatutawahukumu Wamarekani, wala hatuwaiti ninyi kuwafuata. Sheria yetu ya elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto, na kuona kwamba anahudhuria hata amalize. Nasi twaiona kuwa sheria njema, hasa kwa mtoto wa kike, ambaye pasipo sheria hiyo angeibiwa kwanza. Lakini liko jambo moja kwa wazazi wale wa Marekani linalotufaa. Wengi wao hawafundishi kila nyumba peke yake. Jamaa kadha hukutana siku moja ya juma, hugawana kazi: huyu ajuaye hesabu hufundisha hesabu watoto wa wote, yule ajuaye kupiga kinanda hufundisha kinanda, na mwingine huwachukua kutazama mimea na wadudu. Hakuna ajuaye yote, lakini kila mmoja ajua moja.

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya Wazungu." La, ndugu. Sisi tuliyafanya kabla hatujasikia habari zao. Wazee waliokuwapo mwaka 1973 na waulizwe habari za "Mtu ni Afya". Katika mwaka huo watu kama milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi vya jirani na jirani, wakisikiliza redio pamoja, wakisoma kijitabu pamoja, wakijadiliana juu ya malaria na kuhara na minyoo, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Viongozi wa vikundi hivyo, 75,000 hivi, wengi walikuwa watu wa kawaida wa kijijini waliopewa mafunzo machache. Taifa maskini liliweza kufanya hivyo kwa redio na vijitabu. Je, kitongoji kimoja hakiwezi kufanya hivyo kwa watoto kumi na wawili?

Tena tuna ushahidi wa karibu zaidi. Tarehe 17 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali ilitangaza kufunga shule, na shule za msingi hazikufunguliwa hata tarehe 29 Juni. Siku zaidi ya 100 kila mtoto wa Tanzania alikuwa mwanafunzi wa nyumbani, atake asitake. Masomo yalitolewa redioni na katika televisheni, lakini nyumba nyingi za huku kwetu hazikuwa na televisheni, na redio ilikuwa ya baba, naye alitembea nayo. Tuliporudi madarasani tuliona aina mbili za watoto. Wako waliosahau hata kushika kalamu. Na wako waliorudi wamesonga mbele, nasi tulipouliza tukaambiwa: dada aliyemaliza kidato cha nne aliwakusanya chini ya mbuyu, au mzee wa kanisa aliwasomesha Injili asubuhi, au akina mama watatu walipokezana. Watoto wale hawakutoka katika nyumba tajiri. Walitoka katika nyumba zilizokubali kwamba mtoto ni wao. Lakini shule zilipofunguliwa, madarasa yale ya chini ya mbuyu yalivunjika siku ile ile, kana kwamba yalikuwa ni dawa ya korona tu. Jambo hilo latusikitisha.

Basi twapendekeza nini? Twapendekeza kila kitongoji, na hasa kila mtaa wa Kanisa, ufanye darasa la ujirani. Si la kuchukua mahali pa shule, bali la kuishikilia mkono. Nalo lafaa liwe hivi.

Kwanza, liwe dogo. Nyumba nne au tano, watoto kumi na wawili au kumi na watano. Wakizidi, yafanywe madarasa mawili. Likiwa kubwa litakuwa shule ya pili, na nusu dakika zitarudi.

Pili, kila mkubwa afundishe ajualo. Mwenye duka afundishe hesabu kwa daftari lake la mauzo na madeni. Binti aliyemaliza kidato cha nne, ambaye sasa mwamwita mtu wa bure kwa kuwa hajapata kazi, afundishe kusoma. Mhudumu wa afya afundishe habari za maji na mbu. Mwalimu wa kwaya afundishe kuimba kwa sauti nne. Fundi seremala afundishe kupima, maana mtoto aliyekata ubao mfupi kwa kosa la sentimeta mbili hataidharau sentimeta tena. Na mzee asiyejua herufi hata moja afundishe Kigogo safi, na vitendawili, na majina ya miti, na habari za kale. Huyo tusimsahau, maana maarifa yake hayamo katika kitabu cho chote, naye akifa yatazikwa pamoja naye.

Tatu, masomo yatoke katika kazi zetu. Tuwape watoto swali hili: mizani ya mnunuzi wa alizeti yapunja nusu kilo katika kila kilo 10, je, gunia la kilo 60 limeibiwa kilo ngapi? Mtoto akijibu "tatu", hajapata alama ya daftari tu. Amepata silaha ya kumlinda baba yake. Tena na apimishwe lumbesa: gunia lile lililoshonewa kilemba juu, aone ni madebe mangapi yamo katika kilemba hicho yasiyolipwa. Miaka mingi wakulima wetu wamepunjwa kwa lumbesa, nao walikuwa na watoto waliosoma hesabu shuleni hata darasa la saba; lakini hesabu ilikaa daftarini na gunia likakaa shambani, hazikuonana. Vivyo hivyo na mvua. Weka chombo cha wazi uani, mtoto apime kila mvua kwa rula na kuandika. Baada ya miaka mitatu kitongoji kitakuwa na kitabu chake cha mvua.

Msidhani kwamba kitabu cha namna hiyo ni mchezo wa watoto. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga. Walikusudia ekari zaidi ya milioni 3. Walikuwa na wataalamu na fedha, lakini habari za mvua walizokuwa nazo zilikuwa chache mno, na udongo ule, kiangazi kilipofika, uligeuka kuwa mgumu kama matofali ya kuchoma. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi kama milioni 36 zilikuwa zimepotea. Hii ndiyo elimu isiyokaa na wenyeji. Na sasa katika vijiji vya mkoa huu huu watu wa Kisiki Hai wamewafundisha wakulima jambo ambalo halihitaji trekta wala paundi: kukitazama kisiki kilicho hai, kuyachagua machipukizi yake yaliyo mema, kuyapogoa na kuyalinda hata kiwe mti tena. Kazi hiyo mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya, na ndani yake mna somo zima la mimea.

Nne, pasiwe na ada. Siku darasa hili litakapotozwa fedha litageuka twisheni, na mtoto wa mjane atakuwa wa kwanza kukaa nje.

Tano, likae mahali pa wazi, barazani au chini ya mti au kanisani milango ikiwa wazi, na wakubwa wawili wawepo daima. Hatulisemi hili kwa kumdhania jirani vibaya, bali kwa kuwa mchungaji mwema huhesabu zizi kila jioni hata pasipo habari za fisi.

Wako watakaotuletea udhuru, nasi twazijua nyudhuru zao tangu zamani.

Mmoja asema, "Mimi sikusoma, nitamfundishaje?" Twamjibu: mwambie mtoto akusomee, kisha afunge kitabu na kukusimulia kwa Kigogo au kwa Kiswahili yale aliyoyasoma. Muulize maswali matatu: Nani? Alifanya nini? Kwa nini? Kama hawezi kusimulia, hakusoma, alitamka tu. Kazi hiyo yahitaji masikio, nawe unayo mawili.

Mwingine asema, "Hatuna nafasi, tuna kilimo." Ni kweli, toka Desemba hata Aprili shamba halingoji mtu. Lakini baada ya mavuno, Julai na Agosti na Septemba, wanaume wengi hukaa vilabuni kutoka adhuhuri hata usiku, wala hatujamsikia hata mmoja akilalamika kwamba pombe imemkosesha nafasi. Nafasi ipo, kinachokosekana ni kupenda.

Wa tatu ni mwalimu mwenzetu, naye asema, "Watu wasio na cheti watawaharibu watoto." Ndugu mwalimu, mtoto anayekuja kwako hajui kusoma, hajui Kiswahili, hajui kuketi, huyo ameharibiwa na nani? Mpango wa EQUIP, uliofanya kazi katika mkoa wa Dodoma na mikoa mingine tangu mwaka 2014, uliwatumia vijana wa vijijini wasio na cheti cha ualimu kuwatayarisha watoto wadogo kwa michezo na hadithi na nyimbo kabla ya darasa la kwanza. Na wanakijiji waliochoka kuona watoto wao wadogo wakitembea mbali wamejenga shule shikizi kwa mikono yao. Hata serikali, mwaka 2021, ikatoa fedha za madarasa 3,000 kwa shule za namna hiyo katika nchi nzima. Mwalimu anayemwonea wivu mama anayefundisha ni kama mkulima anayeuonea wivu umande kwa sababu yeye ndiye mwenye jembe. Heri uende siku moja katika mwezi ukaketi nao, uwaonyeshe namna ya kutamka silabi, nawe ujifunze kwao majina ya watoto wako.

Wa nne asema, "Watoto wetu watakuwa watu wa mjini, mambo ya mlenda na visiki yawafaa nini?" Huyu ametazama Dodoma akaona majengo ya serikali, na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria toka Dar es Salaam mwaka 2024, akadhani kwamba mji ukikaribia kijiji, mtoto wa kijiji huingia mjini kwa mlango wa mbele. Twasema la. Mji umekuja karibu, nao utawachukua watoto wetu, hilo hatuna shaka. Swali ni utawachukua kuwa nani. Asiyejua kusoma mkataba atauza shamba la babu yake kwa bei ya baiskeli, kisha atakuwa mlinzi wa geti katika shamba lile lile. Wako waliokwisha kuwa hivyo, nanyi mwawajua kwa majina.

Wapendwa, hatuandiki haya kwa chuki. Twawaandikia ninyi kwa kuwa mwajua kusoma. Msomaji wa gazeti hili hawezi kusema kwamba hakuambiwa. Chagueni jioni moja katika juma hili. Mwiteni mtoto wenu, wa kiume au wa kike, mkubwa au mdogo, mpeni ukurasa huu au sura ya Injili, mwambieni asome kwa sauti mbele ya wote. Akisoma vema, mshukuruni Mungu na mwalimu wake, kisha mtafutieni mtoto wa jirani amfundishe. Akishindwa, msimpige, wala msikimbilie kwa mwalimu mkuu na maneno makali. Ketini naye. Kisha asubuhi mwendeeni jirani, mkamwulize kama naye amemsikiliza wa kwake, na ni siku gani ya juma nyumba zenu zaweza kukutana.

Siku ya mwisho Bwana hatamwuliza mwalimu mkuu wa shule habari za watoto wa nyumba yako. Atakuuliza wewe.